Sangailu, Nchi Isiyo na Jiwe

Sangailu jiwe huagizwa. Ukitoka Masalani kwenye ukingo wa Mto Tana, ukapita Ijara na kushika njia iendayo Hulugho, unaweza kukanyaga ardhi tangu alfajiri hadi jua la utosini bila kujikwaa hata mara moja. Ni mchanga mwekundu, kisha udongo mweusi uliopasukapasuka, kisha mchanga tena. Lori nililopanda lilikuwa na jiwe lake la kuzuilia gurudumu, na utingo alilitunza kuliko alivyoitunza mizigo yetu: kila tuliposimama alishuka nalo, na kila tulipoondoka alihakikisha limerudi mahali pake. Nilimuuliza kwa nini asiokote jingine njiani. Alinitazama kwa ile huruma wanayotazamwa nayo watu wa Nairobi.

"Lingine liko Mwingi," akasema.

Naanza na jiwe kwa sababu nilikwenda kule kwa ajili ya volkano, na volkano ni mawe. Msomaji atasema nilipotea njia, kwamba volkano za Kenya ziko Bonde la Ufa na pembeni mwake: Longonot, Suswa, Menengai, Mlima Kenya wenyewe. Sibishi. Lakini hizo ni vitoto. Ziko nyingine za kale mno, zilizotema lava kwa muda mrefu kupita akili ya binadamu, zikafunika nchi nzima nzima, zikachafua hewa ya dunia yote na kuibana bahari pumzi. Nimetembea kiasi, na sijaona mahali panapoonyesha kazi ya volkano hizo kwa upole na kwa uwazi kama uwanda huu ambao hauna hata kokoto la kumtishia nalo mbuzi.

Sangailu ni wadi ya eneobunge la Ijara, kusini kabisa mwa Kaunti ya Garissa. Mashariki ni mpaka wa Somalia, kusini ni Lamu, na kati yake na bahari umelala Msitu wa Boni, uliotangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1976. Wenyeji wengi ni Wasomali wa ukoo wa Abdalla. Msituni wako Waaweer, warina asali, ambao majirani huwaita Waboni. Anayedhani Garissa yote ni ngamia na vumbi aje huku aone. Hapa ng'ombe ndiye mkuu, kwa kuwa mvua ya pwani hufika, na baada ya gu, mvua za masika, nyasi hupanda mpaka magotini. Kituo chenyewe ni kidogo: msikiti, maduka ya mabati, shule, na vibanda vya chai ambapo anjera, chapati laini za Kisomali, hupikwa asubuhi na mapema na chai hutiwa iliki bila ubahili. Jioni upepo wa bahari unaingia, ng'ombe wanarudi wakiwa wamezungukwa na vumbi la rangi ya dhahabu, na upeo wa macho uko mbali kiasi kwamba unaona mvua ya watu wengine, inayonyesha Somalia, huku wewe umekaa kwenye ukavu na kikombe mkononi. Mtu aliyezoea milima huona uwanda kama huu hauna kitu. Mimi ulinichukua muda, lakini siku ya pili nilianza kuona jinsi ardhi inavyoinama kidogo, ambako maji yatakaa, na kwa nini mgunga ule umeota pale na si hapa.

Maji ndiyo mazungumzo ya kila siku. Watu na mifugo hutegemea silanga, yaani mabwawa yanayochimbwa kwenye udongo mweusi ili yashike maji ya mvua. Jilaal, yaani kiangazi kirefu, ikikaza, silanga zinakauka na malori ya maji yanaanza safari. Mgeni huuliza haraka: kwa nini hamchimbi visima? Vimechimbwa. Sehemu kubwa ya Ijara maji ya chini ni ya chumvi, mengine chumvi ambayo hata ng'ombe hugeuza kichwa.

Mzee mmoja aliyenikaribisha mkekani kando ya silanga alinieleza jambo hilo kwa maneno machache. "Chini ya hapa ni bahari, mwanangu. Walichimba, wakaikuta."

Alikuwa akitania, na alikuwa amesema kweli tupu. Miaka ya 1960 kampuni za BP na Shell zilipita katika uwanda huu zikitafuta mafuta. Zilichimba Walu, zikachimba Dodori, zikachimba karibu na Garissa. Kisima cha Dodori, cha mwaka 1964, kilishuka zaidi ya mita 4,000, na njia nzima hakikugusa mwamba wa msingi wa bara: ni mchanga, tope na chokaa ya baharini, tabaka juu ya tabaka. Vipimo vilivyofanywa baadaye kwa mitetemo vinaonyesha kwamba penye kina kirefu zaidi, mashapo ya bonde hili la chini kwa chini, ambalo wanajiolojia huliita Bonde la Lamu, yana unene unaozidi kilomita 10. Kwa hiyo jiwe Sangailu lipo. Liko kilomita kadhaa chini ya kwato za ng'ombe. Na lilizama kwa sababu ganda la dunia lilivutwa likawa jembamba, likabonyea. Mito ikamwaga mchanga humo, uzito wa mchanga ukalibonyeza zaidi, kama kitanda cha kamba kinavyozidi kubonyea kila mgeni anapoongezeka kukalia. Wageni wamekuwa wakiongezeka hapo kwa karibu miaka milioni 180.

Nani alilivuta ganda hilo? Hapa ndipo volkano zinapoingia.

Zamani hizo hapakuwa na Afrika peke yake. Palikuwa na bara moja, Gondwana, lililoziunganisha Afrika, Amerika Kusini, Madagascar, India, Antaktika na Australia. Mtu angeweza kutoka Sangailu, kama ingekuwepo, akaelekea mashariki kwa miguu na kuingia Madagascar bila kulowesha viatu. Kisha, miaka milioni 183 iliyopita, upande wa kusini ardhi ilipasuka, lava ikatoka. Hiyo lava haikujenga mlima wenye ncha kama tunaochora shuleni. Ilitoka kwenye nyufa ndefu, ikatambaa kama maji, ikapoa, ikafunikwa na nyingine. Ukipanda leo milima ya Lesotho unatembea juu yake, na unene wake huko unapita kilomita moja. Wanajiolojia huliita jimbo la volkano la Karoo, na pacha wake wa Antaktika wakamwita Ferrar. Makadirio ya vyote viwili pamoja yanazidi kilomita za ujazo milioni mbili. Lava kiasi hicho ingeweza kuifunika Kenya nzima, kutoka Busia hadi Kiunga, kwa kina cha kilomita tatu.

Chanzo chake bado kinabishaniwa. Wengine wanasema ni nguzo ya mwamba wa moto iliyopanda kutoka kina kirefu cha dunia, karibu na kiini. Wengine wanasema bara kubwa namna ile hulizuia joto la chini lisitoke, likakusanyika mpaka likapata upenyo, na upenyo ni pale bara linapoanza kuachana. Mimi huwaelemea kidogo hao wa nguzo, kwa sababu ni vigumu kueleza moto mwingi kiasi kile kutoka kwenye upenyo tu, lakini sina cha kuweka rehani.

Kilichofuata hewani na baharini kinajulikana vizuri zaidi, na kinastahili tukikalie. Lava yenyewe ilitoa gesi, ndiyo, lakini balaa kubwa ilikuwa chini. Uji wa moto ulipokuwa ukipanda, sehemu yake haikufika juu. Ulijipenyeza kwa ubavu kati ya tabaka za mwamba, na mwamba wa Karoo ulikuwa umejaa mabaki ya misitu na matope yenye kaboni, pamoja na makaa ya mawe ambayo Afrika Kusini inayachimba hadi leo. Tabaka hizo zikaiva. Zikatoa methani na hewa ya ukaa kwa wingi wa kutisha, zikapasua njia za wima kwenda juu, na mabomba hayo ya mawe yaliyovunjikavunjika bado yanaonekana kwa maelfu katika nyika za Karoo. Dunia ikapata joto. Maji ya bahari yakapungukiwa na oksijeni, na viumbe vikafa vikazama katika tope jeusi lisilo na mdudu wa kuvioza. Tope hilo likawa jiwe. Kule Holzmaden, Ujerumani, watu hulipasua na kukuta reptilia wa baharini wakiwa kamili, wengine na alama za ngozi zao.

Si kila volkano kubwa huua namna hiyo, na jambo hilo ndilo linalonivutia zaidi kuliko ukubwa wenyewe. Lava za Siberia za miaka milioni 252 iliyopita zilipita katika makaa ya mawe na chumvi, na zaidi ya asilimia 80 ya aina za viumbe wa baharini zikatoweka. Lava za Ethiopia, ambazo tutazifikia, zilikuwa nyingi mno pia, lakini hakuna maangamizi makubwa yanayohesabiwa juu yake. Tofauti kubwa, wanasema wengi, ni kile moto unachokichoma unapopita.

Rudi kaskazini mwa Kenya. Katika eneo la Bur Mayo na Tarbaj, mbali juu ya hapa, kuna kilima kiitwacho Didimtu. Mawe yake yana amonaiti, viumbe wa baharini wenye gamba lililojizungusha, wa jamii ya Bouleiceras. Umri wake ni ule ule wa msiba wa Karoo, au karibu yake mno, na jamii hiyo hiyo imepatikana Madagascar na Arabuni. Maana yake ni kwamba bara lilipoanza kuachana, mkono wa bahari uliingia hadi huku Kaskazini Mashariki, na hii ni miongoni mwa alama za kwanza za bahari katika ardhi ya Kenya. Anayesafiri kwenda Mombasa anapita katika kitabu hicho hicho bila kukisoma: Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani, Mazeras, zote hizo ni majina ya tabaka za zamani zilizowekwa na mito na maziwa ya bara, na baada yake, Kambe, inakuja chokaa ya baharini. Pale Kambe bahari ilikuwa imeshaingia na haikuondoka tena.

Madagascar ilianza kuondoka. Ilijitenga na pwani ya Somalia na Kenya, ikateleza kuelekea kusini kwa mamilioni ya miaka, mpaka ikasimama pale ilipo. Nafasi iliyoiacha ndiyo iliyojaa mashapo, na juu ya mashapo hayo ndipo lilipo bwawa ambalo ng'ombe wa mzee wangu walikuwa wakinywa. Nilimweleza habari hiyo kadiri nilivyoweza, kijana wake akitafsiri pale Kiswahili changu kilipozidi kuwa cha vitabuni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kisiwa kizima kilitoka hapa?"

"Kizima, mzee."

"Na malisho yake aliyarithi nani?"

Nikamwambia bahari. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia kesi iliyoamuliwa vibaya.

Safari ya mabara haikuishia hapo. Karibu miaka milioni 90 iliyopita lava nyingine kubwa ilimwagika Madagascar, na India ikaachana nayo. India ikakimbilia kaskazini, na njiani, miaka milioni 66 iliyopita, ikamwaga lava zake yenyewe, zile za Deccan, ambazo leo ni milima myeusi nyuma ya Mumbai. Wajuzi hadi sasa wanagombana kama dinosari waliuawa na kimondo kilichoanguka Meksiko au kama lava za Deccan zilikuwa zimeshawadhoofisha. Manahodha wa Lamu waliopeleka majahazi Bombay kwa pepo za kaskazi na kusi hawakujua kwamba walikuwa wakimfuata jirani aliyehama.

Sasa za Ethiopia. Miaka milioni 30 hivi iliyopita, katika muda usiozidi sana miaka milioni moja, nyanda za juu za Ethiopia na Yemen zilifunikwa na basalti. Kenya nayo ikafuata kwa mpangilio wake, ikavimba, ikapasuka, ikapata Bonde la Ufa na milima yake ya moto. Sangailu haikupata hata tone la lava hiyo. Ilichopata ni kikubwa zaidi, na unakielewa ukitazama ramani: magharibi ya hapa unapita Mto Tana, mashariki, ng'ambo ya mpaka, unapita Juba. Tana unazaliwa Nyandarua na Mlima Kenya, juu ya volkano. Juba unakusanya maji yake nyanda za juu za Ethiopia, sehemu yake katika milima ya Bale, juu ya volkano pia. Wafugaji wa huku wamekaa katikati ya mito miwili ambayo isingekuwepo bila moto huo. Maji ya Tana yenye rangi ya chai yanayopita Masalani yamebeba mlima uliosagwa. Basalti inaposagika na kuyeyuka kwa mvua hunyonya hewa ya ukaa na kuipeleka baharini, kwa hiyo volkano zile zile zilizoipasha dunia joto huipoza baadaye, polepole sana. Tope hilo siku hizi halifiki lote. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, pamoja na mengine ya juu ya mto, hulizuia sehemu kubwa. Wakulima wa mashamba ya kingo za mto wanalijua hilo kuliko mwanajiolojia yeyote.

Milima hiyo iliyopanda ilifanya jambo jingine. Ilibadilisha njia ya pepo zenye unyevu, na utafiti wa mifano ya hali ya hewa unaonyesha kwamba kuinuka kwa nyanda za Afrika Mashariki kulichangia kuikausha nchi. Misitu ikarudi nyuma, nyasi zikaingia. Na penye nyasi pakaja hirola.

Sijui niseme nini kuhusu hirola nisionekane nimepagawa. Ni swala wa rangi ya mchanga, pembe zake ndefu, na michirizi myeupe kati ya macho inayomfanya aonekane amevaa miwani. Ndiye pekee aliyebaki katika jamii yake yote. Nduguze wote ni visukuku. Waliobaki porini ni mia chache tu, wengi wao katika nchi hii kati ya Tana na mpaka. Mwaka 1996 shirika la wanyamapori lilipotaka kuwahamishia Tsavo, wenyeji wa Garissa walikwenda mahakamani kuzuia. Fikiria: wafugaji, watu ambao mara nyingi husemwa kuwa adui wa wanyama, wanashitaki ili swala wasichukuliwe. Baadaye wakaanzisha hifadhi yao ya jamii ya Ishaqbini, karibu na Masalani, na mwaka 2012 humo ukawekwa uzio wa kuzuia simba na fisi, hirola 48 wakaingizwa ndani. Wameongezeka tangu hapo. Niliwaona kumi na mmoja kwa mbali, asubuhi, wakiwa wamesimama wote wakitazama upande mmoja, kwa heshima fulani ya wazee wanaosubiri baraza lianze.

Hata Karoo nusura irudi huku. Upande wa Lamu, mwendo wa siku moja kutoka hapa, palipangwa kujengwa kituo cha umeme cha megawati 1,050 cha kuchoma makaa ya mawe. Makaa ya kuanzia yalikuwa yaagizwe Afrika Kusini, na makaa ya Afrika Kusini hutoka katika mwamba wa Karoo, ule ule ambao moto wa miaka milioni 183 iliyopita uliupika njiani. Juni 2019 baraza la mahakama la mazingira lilifuta leseni ya mradi huo baada ya watu wa Lamu kupinga. Nilipolisoma jambo hilo kwa mara ya kwanza nilidhani mwandishi ametunga. Volkano ilichoma sehemu ya makaa hayo na bahari ikakosa pumzi. Sisi tulitaka kuchukua yaliyosalia, tuyapakie melini, tuyalete kwenye ufuo uliozaliwa na mpasuko ule ule, tuyamalizie.

Nani aende Sangailu? Anayependa anga na asiyeogopa vumbi. Nenda Januari, deyr, yaani mvua za vuli, ikiwa imekwisha na njia zimekauka lakini silanga bado zina maji na bata. Wakati wa mvua usijaribu. Udongo mweusi ukilowa hata lori la magurudumu sita hulala njiani siku tatu. Mwisho wa mwaka 2023, baada ya misimu mitano ya ukame iliyoua mifugo bila hesabu, mafuriko yalikata barabara na watu wakarudi kwenye mashua. Mpaka uko karibu, na Msitu wa Boni umekuwa na operesheni za usalama tangu 2015, kwa hiyo pita kwanza kituo cha polisi Masalani, uliza hali ya njia, sikiliza jibu, na ukiambiwa usiende, usiende. Beba kitambulisho. Beba maji ya kutosha wewe na mwingine mmoja. Vyumba vya kulala viko Masalani. Sangailu utategemea mwenyeji, na mwenyeji hakosekani. Ukiulizwa umefuata nini, sema umekuja kuona volkano. Watacheka sana, wataitana waje wakusikie, kisha wataagiza chai.